Mbu wa Mchana na Pipa la Maji Kariakoo

Wiki hii tuzungumze juu ya homa ambayo watu wengi wa Dar es Salaam wanadhani ilizaliwa mwaka 2014, kwa kuwa mwaka huo ndipo jina la dengue lilipozagaa jijini. Hata hivyo, jina lenyewe laelekea kuwa letu. Mwaka 1870, mara baada ya kipindupindu kilichoua watu wengi sana, wakazi wa mji wa Zanzibar walishikwa na homa ya ghafla iliyokaza viungo hata mtu akashindwa kunyoosha mgongo. Waliiita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini humo, aliziandika habari zake, na wazee wakamsimulia kwamba homa kama hiyo iliwahi kupita kiasi cha mwaka 1823. Mwaka 1827 na 1828 homa ya namna hiyo ilienea katika visiwa vya Karibi, na huko ikaitwa dengue. Wachunguzi wengi wa maneno wanaona kwamba ni dinga yetu hiyo, iliyovuka bahari kwa merikebu.

Wataalamu wa leo wanaamini kwamba homa ile ya Zanzibar ilikuwa hasa chikungunya, ndugu yake dengue anayebebwa na mbu yule yule. Nayo chikungunya iligunduliwa Newala, mwaka 1952 na 1953, ikapewa jina la Kimakonde. Basi maradhi mawili ya dunia nzima yana majina kutoka pwani yetu na kusini mwetu, na bado tunayaita maradhi ya kigeni!

Sasa tuje Dar es Salaam. Mji huu umepigana na mbu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1901 Wajerumani, wakifuata mawazo ya Profesa Robert Koch, walianza kupima damu za wakazi na kuwagawia kwinini. Walichora pia mpango wa kutenga mitaa, na Waingereza wakauendeleza: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, pale palipokuwa na kambi ya wapagazi wa vita, ile Carrier Corps iliyotupatia jina. Ukipita Mnazi Mmoja ukaona uwanja ule mpana, usidhani uliachwa ili watoto wapate pa kuchezea. Hoja mojawapo ya kuuacha wazi ilikuwa afya: kumweka Mwafrika mbali na Mzungu, eti mbu asibebe malaria kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Aliyekingwa ni nani, na aliyeachwa na mbu wake ni nani, kila mtu aona.

Baadaye kazi ilifanywa kwa haki zaidi. Bwana afya alipita nyumba hadi nyumba akichungulia mapipa. Kati ya mwaka 1988 na 1996 serikali, kwa msaada wa Japani, ilizibua mifereji na kunyunyiza dawa, na mwaka 2004 ukaanza mpango mwingine wa kutia dawa ya viluwiluwi katika madimbwi, kazi iliyofanywa na wakazi wenyewe wa mitaa. Lakini adui aliyelengwa hasa alikuwa mbu wa malaria, anayeuma usiku na kuzaa nje. Ndiyo sababu tukajifunza chandarua, nacho ni kitu chema kweli kweli.

Mbu wa dengue ana tabia nyingine. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijatua, wakati mama yuko jikoni na mchuuzi yuko mezani kwake sokoni. Haendi mbali, anazaa pale pale anapokula: katika pipa, ndoo, tairi kuukuu, chungu cha maua, hata sahani ya maji nyuma ya jokofu. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Pipa lisuguliwe ndani kwa brashi kila wiki, kwa maana katika joto letu yai huwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi.

Mwaka 2014 dengue ilimuua hata daktari wa Hospitali ya Temeke. Mwaka 2019 Wizara ya Afya ilihesabu wagonjwa zaidi ya 6,000, walio wengi wakiwa Dar es Salaam. Wengi walidhani ni malaria wakameza dawa ambayo haiwezi kuwasaidia. Na anayetuliza maumivu kwa aspirini anajitafutia hatari ya kutoka damu. Panadol ndiyo inayofaa, pamoja na kwenda kupimwa.

Wengine husema, watu waache kuweka maji ndani. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye bomba lake halikauki. Mama lishe wa Kariakoo anaweka pipa kwa sababu hajui maji yatatoka lini. Haki ni kumwambia alifunike, kwa mfuniko unaobana au kwa kitambaa kilichofungwa kamba, naye ataweza. Moshi wa dawa mitaani huua mbu wanaoruka tu. Viluwiluwi waliomo ndani ya pipa hauwagusi.

Lakini Kariakoo si ile ya nyumba za Kiswahili zenye ua mmoja. Nyingi zimebomolewa, yamesimama maghorofa, na mashimo ya msingi hukaa na maji ya mvua miezi kadhaa ujenzi ukikwama. Pipa la mama lishe atalifunika mwenyewe. Tangi lililo juu ya ghorofa ya nane, lenye mfuniko uliopeperushwa na upepo, wapangaji hawalifikii. Ufunguo wa ngazi anao mwenye nyumba, naye anakaa Mbezi. Huko ndiko afisa afya wa leo anakotakiwa kupanda.