Nyumba ya Walioteswa, Minnesota

Katikati ya miaka ya 1980, gavana wa Minnesota, Rudy Perpich, aliulizwa na mwanawe, aliyekuwa akijitolea na Amnesty International, anafanya nini kutetea haki za binadamu. Wanasiasa wengi wangetoa hotuba. Perpich aliunda kamati, na mwaka 1985 kikazaliwa Center for Victims of Torture, kituo cha kwanza cha aina yake Marekani. Kielelezo kilikuwa Copenhagen, ambako daktari Inge Genefke alikuwa amefungua kituo kama hicho mwaka 1982.

Huduma zilianzia katika hospitali mjini Saint Paul, kisha mwaka 1987 zikahamia kwenye nyumba ya kawaida karibu na chuo kikuu, Minneapolis. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Aliyeteswa ndani ya jengo la serikali, pengine mbele ya daktari, hawezi kuona korido ndefu na koti jeupe akatulia.

Utabibu wenyewe ulikuwa bado unajitafuta. Ni mwaka 1980 tu, baada ya kilio cha askari waliorudi kutoka Vietnam, ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoutambua rasmi msongo wa baada ya kiwewe. Waliuweka katika kundi moja na magonjwa ya wasiwasi, na si bila sababu: moyo kwenda mbio, usingizi kupaa, mtu kushtuka mlango ukibamizwa. Lakini mwenye wasiwasi huogopa zaidi litakalokuja, ilhali mwenye kiwewe hurudishwa kwenye lililokwisha kutokea, kwa jinamizi au kwa kumbukumbu inayovamia mchana kweupe. Mwaka 2013 msongo huo ulipewa kundi lake.

Katika miaka hiyo Minneapolis nayo ilibadilika. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wasomali walikimbilia Kenya, na wengi waliopitia kambi ya Dadaab au mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wakaishia Minnesota, wakivutwa na kazi za viwanda vya nyama ya bata mzinga na ndugu waliotangulia. Maghorofa ya Cedar-Riverside yakawa mtaa wao. Waoromo kutoka Ethiopia nao walikuwepo.

Utafiti wa James Jaranson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, uliwahoji wakimbizi 1,134 wa jamii hizo mbili. Kutegemea kabila na jinsia, kati ya asilimia 25 na 69 walikuwa wameteswa. Wanawake waliteswa kwa kiwango sawa na wanaume, jambo ambalo watafiti hawakulitarajia.

Kwa watu hawa, mpaka uliochorwa vitabuni kati ya wasiwasi na kiwewe huwa mwembamba. Mama anayesubiri uamuzi wa hifadhi, huku mtoto wake akiwa bado kambini, ana hofu ya kesho isiyo ya kufikirika tu. Na kila barua ya uhamiaji inaweza kuamsha ya jana. Ndiyo maana kituo kiliwaweka wafanyakazi wa ustawi wa jamii sambamba na madaktari na wanasaikolojia. Dawa ya usingizi haimalizi kesi ya hifadhi.

Mwaka 2011 njia ilipitwa kinyume: kituo hicho cha Minnesota kilifungua huduma Dadaab, kikiwafunza wakimbizi wenyewe kuwa wanasihi na kuongoza vikundi vya ushauri.