Hisabati ya uchumi

Hisabati ya uchumi ni tawi la hisabati linalotumia aljebra, matriki na kalkulasi kuchunguza masuala ya uchumi na jamii. Mwaka 1838 Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliitumia kalkulasi kueleza bei na ushindani.

Kwa mfano, tuseme mkulima wa mahindi wa Kabungu, mkoani Katavi, akitumia mifuko x ya mbolea huongeza mavuno kwa magunia 12x − x², na kila mfuko una bei ya magunia 2. Mifuko 6 huleta ongezeko kubwa zaidi, magunia 36, lakini gharama ikitolewa hubaki 24. Mifuko 5 huleta 35, hubaki 25. Faida hufikia kilele pale ongezeko linapolingana na bei: 12 − 2x = 2, yaani x = 5. Hivyo mavuno makubwa kuliko yote si lazima yalete faida kubwa kuliko zote.