Maji ya Malagarasi na Jasho la Waha

Zamani za utawala wa Waingereza, Kasulu na Kibondo zilijulikana kwa watu waliotoka kuliko kwa mazao yaliyotoka. Waha kwa maelfu walisafiri hadi Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa namba walizoandikiwa. Tangu 1944 uandikishaji ulikuwa mikononi mwa SILABU, shirika la wenye mashamba. Huko Tanga, maporomoko ya Mto Pangani yalikwisha kutiwa mitambo ya umeme tangu miaka ya 1930, na nguvu yake ikaendesha viwanda vya mkonge. Hale ilifuata mwaka 1964. Hivyo faida ya maji ilikaa palipo viwanda, reli na bandari. Mtu wa Kasulu aliionja kwa ujira tu.

Wakati huo Malagarasi, mto wa kwao, ulipita bure. Mradi wa maporomoko ya Igamba, uliotiwa katika mkataba na Marekani wa 2008, uliachwa kwa ajili ya viumbe adimu wa mtoni. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa mradi mwingine, wa megawati 49.5. Kasulu na Kibondo zilitegemea dizeli iliyoletwa kutoka mbali, hata zikaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022.

Kwa mkulima wa Rungwe Mpya, basi, si hesabu ya megawati iliyo na uzito. Pangani yafundisha kwamba bwawa hustawisha mahali penye kazi. Umeme usipofuatwa na mashine za kusaga muhogo na kukoboa kahawa, vijana watatoka tena.