Mbio Ambazo Hazikuwepo

Wilson Kiprugut aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, katika mita 800. Mwanamke wa Kenya alipata yake ya kwanza Atlanta, mwaka 1996. Pengo la miaka 32 wengi walilieleza kwa maumbile: mwanamume ana pumzi, mwanamke hana. Tukizifuata tarehe zenyewe, maelezo hayo hayasimami.

Chanzo kiko mbali na Bonde la Ufa, wanakotoka wakimbiaji wengi wa Kenya. Mwaka 1928, Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 za Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Magazeti mengi hayakujali rekodi. Yaliandika kwamba wakimbiaji walianguka ovyo na kuzirai. Ukweli ni kwamba wote tisa walimaliza, na waliojilaza walijilaza kama wanaume wanavyofanya baada ya kumaliza. Hata hivyo, viongozi wa riadha, karibu wote wanaume, walipata hoja waliyoitaka. Mbio hizo zikafutwa, na hadi mwaka 1960 hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kukimbia zaidi ya mita 200 katika Olimpiki.

Hapo ndipo Kenya inapoingia. Mwaka 1968, Mexico, Kipchoge Keino alishinda mita 1,500, Naftali Temu mita 10,000, na Amos Biwott mbio za kuruka viunzi na maji. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na mashindano ya wanawake. Mita 1,500 ziliwafikia mwaka 1972, marathoni mwaka 1984, mita 10,000 mwaka 1988, na viunzi na maji mwaka 2008, miaka 40 baada ya Biwott.

Lakini ratiba peke yake haitoshi kueleza kila kitu, kwa maana mita 800 zilikuwa zimerudishwa tangu 1960, na Kenya ilipeleka wanawake Mexico, akiwamo Tecla Chemabwai. Wako wanaosema kikwazo kilikuwa ndoa: msichana aliyeng'ara shuleni aliolewa, akapata watoto, na viatu vikawekwa kando. Wengine hutaja nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani, ambazo kwa muda mrefu ziliwaendea wavulana. Nadhani mawili haya yalitegemeana. Mbio zilipokuwa hazina chuo wala mshahara mbele yake, baba hakuwa na sababu ya kumwacha binti aendelee nazo.

Fedha za zawadi ndizo zilizobadilisha hesabu hiyo. Mwaka 1994 Tegla Loroupe, mwanamke mwenye umbo dogo kutoka Pokot Magharibi, alishinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda marathoni kubwa ya aina hiyo. Miaka miwili baadaye, mita 5,000 za wanawake zilipowekwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, Pauline Konga akatwaa medali ya fedha. Mumewe, Paul Bitok, naye alitwaa medali ya fedha katika mita 5,000 za wanaume hapohapo Atlanta, kama alivyofanya Barcelona mwaka 1992. Nyumba moja, mbio za urefu uleule. Ila mwaka 1992 ni mume tu aliyekuwa na mbio hizo za kukimbia. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Pamela Jelimo alipata dhahabu ya kwanza ya mwanamke wa Kenya mwaka 2008, Beijing. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, kisha akarudi na kuutetea ubingwa wake wa Olimpiki wa mita 1,500. Paris, mwaka 2024, Kenya ilipata dhahabu nne: tatu zililetwa na Kipyegon na Beatrice Chebet.

Fedha hizohizo za zawadi, hata hivyo, zilileta mgogoro mpya nyumbani. Agnes Tirop aliuawa Iten mwezi Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris. Wiki chache baadaye alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuishi naye, katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, baada ya mzozo wa kiwanja. Wapo wanaolaumu ulevi, au hasira ya mtu mmoja mmoja. Mimi naona maelezo yenye uzito zaidi ni ya mali: mwanamke alianza kununua ardhi mahali ambapo kumiliki ardhi kulihesabiwa kuwa ndiko kuwa mwanamume. Viongozi wa michezo wanaweza kuongeza mbio kwenye ratiba kwa kura moja, lakini hati ya shamba inaamuliwa kwenye familia, kwa mzee wa ukoo na mahakamani, na huko ndiko wanariadha wa kike wanakohitaji kulindwa sasa.