Maneno ya Misa ya Kiingereza: nani huyapitisha, na kwa nini yalibadilika?

Mtu aliyezoea kusali Misa kwa Kiingereza tangu utoto wake, akarudi kanisani mwishoni mwa mwaka 2011, alijikuta akijibu tofauti na wenzake. Padre aliwatakia watu Bwana awe nao, yeye akajibu kama alivyofundishwa, na benchi zima likajibu kingine. Hili halikutokea katika parokia moja tu. Lilitokea Marekani, Uingereza, Australia, na hata katika parokia za Nairobi zenye Misa ya Kiingereza. Nyuma yake kulikuwa na miaka kumi ya kura, barua na mabishano makali kati ya maaskofu wenyewe. Katika makala haya tunaeleza kura hizo zilikuwa za nini, na kwa nini maneno machache ya sala yalizua ubishi mkubwa kiasi hicho.

Tuanze na kitabu chenyewe. Kitabu cha sala za Misa katika Kanisa Katoliki la Kilatini huitwa Misale ya Kiroma, na nakala mama yake iko kwa Kilatini. Hadi miaka ya 1960 padre alisali kwa lugha hiyo pote duniani, Bukoba kama Boston. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati kuhusu liturujia iliyofungua mlango wa kutumia lugha za watu. Mwaka huo huo maaskofu wa nchi zinazosema Kiingereza waliunda tume ya kuwatafsiria kwa pamoja, inayojulikana kwa kifupi ICEL. Leo mabaraza ya maaskofu 11 ndiyo wanachama kamili wa tume hiyo, yakiwemo ya Marekani, Ireland, India, Ufilipino na Kusini mwa Afrika.

ICEL hutafsiri tu, haina mamlaka ya kupitisha. Huandaa rasimu ya kwanza, ambayo wahusika huiita Kitabu cha Kijani, na kuituma kwa mabaraza yote. Maaskofu husoma, hukosoa na kurudisha maoni. Tume hurekebisha na kutoa rasimu ya mwisho, Kitabu cha Kijivu, na hiyo ndiyo hupigiwa kura. Ili ipite, lazima iungwe mkono na theluthi mbili ya maaskofu wenye haki ya kupiga kura katika baraza husika. Baada ya hapo hupelekwa Roma, kwenye ofisi ya Vatikano inayosimamia ibada na sakramenti. Bila idhini ya Roma, kitabu hakichapwi.

Ubishi ulianzia kwenye swali ambalo mtafsiri yeyote analijua: ufuate maneno au ufuate maana? Mwaka 1969 Roma ilitoa mwongozo uliosema mtafsiri atafute maana ya sala nzima, kisha aiseme kwa namna ya kawaida ya lugha yake. Misale ya Kiingereza iliyotoka 1973 ilifuata njia hiyo. Ilikuwa na sentensi fupi na maneno mepesi, na watu waliishika haraka. Lakini katika kurahisisha, mengi yaliachwa njiani. Sala ya Kilatini yenye picha tatu ilibaki na moja, na mara nyingine isibaki na yoyote.

ICEL yenyewe iliona kasoro hizo, ikafanya kazi ya miaka mingi kuisahihisha misale hiyo. Toleo jipya lilipitishwa na mabaraza na kupelekwa Roma mwaka 1998. Likakaa huko. Mwaka 2001 Roma ikatoa mwongozo mwingine uliogeuza kanuni ya 1969: sasa tafsiri ifuate Kilatini kwa karibu sana, bila kuacha neno wala kuongeza. Mwaka uliofuata toleo la 1998 likakataliwa rasmi. Kazi ya miaka yote ile ikawekwa kabatini, na tume ikaanza upya chini ya uongozi mpya. Pia Roma iliunda kamati yake ya kuishauri kuhusu Kiingereza, Vox Clara, ikiongozwa na Kardinali George Pell wa Australia.

Kura iliyokumbukwa zaidi ilipigwa Los Angeles tarehe 15 Juni 2006. Maaskofu wa Marekani walikuwa na rasimu ya sehemu ya Misa isiyobadilika, ile ambayo watu huijua kwa moyo. Askofu Arthur Roche wa Leeds, Uingereza, mwenyekiti wa ICEL wakati huo, alisafiri kwenda kuitetea. Upande wa pili alikuwepo Askofu Donald Trautman wa Erie, aliyeongoza kamati ya liturujia ya Marekani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: je, mwamini wa kawaida aliyeketi kanisani ataelewa? Wiki chache kabla ya hapo Kardinali Francis Arinze wa Nigeria, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya ibada Vatikano, aliwaandikia akiwakumbusha kwamba kuzoeleka kwa tafsiri ya zamani si sababu ya kutosha ya kuibakiza. Rasimu ikapita kwa kura 173 dhidi ya 29, lakini pamoja na marekebisho.

Marekebisho hayo tuyatazame kwa karibu, maana ndipo utaona nani ana neno la mwisho. La kwanza lilihusu Kanuni ya Imani. Kilatini kina neno moja zito linalosema Mwana ana hali ya kimungu iliyo moja na Baba, neno lililotokana na mabishano ya Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Rasimu ilitaka neno hilo liingizwe katika Kiingereza karibu kama lilivyo. Maaskofu wa Marekani waliona ni gumu mno, wakapiga kura kubakiza maelezo mepesi ya zamani. La pili lilihusu umande. Katika sala moja ya ekaristi, Kilatini kinaomba Roho ashuke juu ya mkate na divai kama umande. Tafsiri ya 1973 iliuacha umande nje, na maaskofu wa Marekani walitaka ubaki nje. (Kwetu umande si kitendawili. Mkulima anayetoka alfajiri na kurudi na suruali iliyolowa hadi magotini hahitaji kufafanuliwa. Lakini hata mtu wa mjini Chicago nadhani angeelewa akipewa nafasi.)

Roma ilipotoa idhini yake Juni 2008, neno zito la Nisea lilikuwemo. Umande nao ulikuwemo. Kura ya maaskofu ilikuwa ya lazima ili kitabu kipite, lakini haikutosha kuamua kila neno.

Mabadiliko mengine yalikuwa rahisi kumezwa. Jibu lile la salamu kwa padre lilirudishiwa neno «roho», kama Kilatini kinavyosema. Waliozoea Misa ya Kiswahili hawakuona jambo geni hapo, kwa kuwa jibu la Kiswahili lilikuwa na «roho» tayari, sawa na Kihispania, Kifaransa na Kijerumani. Kabla ya komunyo, watu sasa hutaja paa la nyumba, kwa kufuata maneno ya yule akida katika Injili ya Mathayo sura ya 8. Na katika maneno ya kuweka wakfu divai, mahali pa damu iliyomwagika kwa ajili ya «wote» pakawekwa «wengi». Hili la mwisho liliwasumbua watu wengi: je, Kristo hakufa kwa ajili ya wote? Barua ya Kardinali Arinze ya Oktoba 2006 ilieleza kwamba fundisho halijabadilika, alikufa kwa ajili ya wote, ila maandiko ya Kilatini yanasema wengi na tafsiri iyafuate. Ujerumani suala hilo lilifika hadi kwa Papa Benedikto wa 16 mwenyewe, aliyewaandikia maaskofu wa huko barua ndefu Aprili 2012.

Si kila kura ilipita kirahisi. Katika mkutano wa Orlando wa Juni 2008, maaskofu wa Marekani walipigia kura sala za majira ya mwaka. Theluthi mbili haikupatikana, hata baada ya wale ambao hawakuhudhuria kutuma kura zao kwa posta. Sala hizo zikapita Novemba baada ya kurekebishwa. Mwaka huo huo, Kusini mwa Afrika, parokia zilianza kutumia maneno mapya kabla ya wakati kwa kutoelewa maana ya idhini iliyotolewa, na manung'uniko yakawa mengi. Huko Seattle, padre Michael Ryan aliandika Desemba 2009 akiomba tafsiri ijaribiwe kwanza katika parokia chache. Zaidi ya watu 20,000 waliweka sahihi. Haikujaribiwa. Misale nzima ilianza kutumika Marekani Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 27 Novemba 2011, na kadi za majibu mapya zikawekwa kwenye mabenchi ili watu wasome badala ya kukisia.

Baadaye mzani ulisogezwa. Mwaka 2017 Papa Fransisko alibadili sheria ya Kanisa kuhusu jambo hili: kuandaa tafsiri aminifu ni kazi ya maaskofu wa nchi, na kazi ya Roma ni kuithibitisha, si kuiandika upya. Kardinali Robert Sarah wa Guinea, aliyeongoza ofisi ya ibada wakati huo, alipoifafanua sheria hiyo kana kwamba hakuna kikubwa kilichobadilika, Papa alimwandikia barua ya kumsahihisha, na barua hiyo ikatolewa hadharani. Tangu 2021 ofisi hiyo inaongozwa na Arthur Roche, yule yule aliyesimama mbele ya maaskofu kule Los Angeles, na sasa ni kardinali.

Misale ya Kiingereza ya 2011 haikufutwa, ndiyo inayotumika hadi leo. Kura zinaendelea kwa vitabu vingine, kimoja baada ya kingine. Sala ya maondoleo katika kitubio ilibadilishwa kidogo Marekani: mapadre waliruhusiwa kuitumia mpya kuanzia Jumatano ya Majivu 2023, na ikawa lazima tarehe 16 Aprili mwaka huo. Mahali ambapo sala ya zamani ilisema Mungu alimtuma Roho Mtakatifu, mpya inasema alimmimina. Maneno yenyewe ya kuondolea dhambi hayakuguswa. Kwa hiyo padre mzee aliyesahau na kusema ya zamani kwa mazoea, aliyekuja kuungama aliondolewa dhambi zake vile vile.