Peke Yangu Got Ramogi
Asubuhi hiyo baridi ya ziwa haikuwa mchezo. Nilifunga jaketi mpaka shingoni, nikaupanda mlima Got Ramogi, kule Yimbo, peke yangu. Simulizi za Waluo husema Ramogi Ajwang' alifika hapa na watu wake, akajenga boma juu. Wasomi wengi wa kikoloni walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Bethwell Ogot akakataa: aliketi na wazee, akawasikiliza, na mwaka 1967 kitabu chake kuhusu Waluo wa kusini kikachapishwa.

Nilipofika juu, ukungu ulikuwa umelifunika ziwa. Sikuona kitu. Lakini ziwa si lilikuwa pale pale? Babu hakuniachia karatasi, aliniachia hadithi ya mlima huu. Mwanangu bado sijamsimulia.