Kibuyu cha Tembo na Uchaga wa Mahindi

Mnazi, uliovushwa na mabaharia wa kale kutoka upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, ulipokwisha kushika mizizi katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, huko Rabai, Ribe na Kaloleni, haukuwapa Wamijikenda nazi, mafuta na makuti ya kuezekea peke yake, bali uliwapa na tembo; na palipo na tembo pana kuvu ikifanya kazi, ijapokuwa wagema wa vizazi vingi waliitumikisha kila siku bila ya kupata kuiona kwa macho.

Kazi ya kugema ina adabu zake. Mgema hukwea asubuhi na jioni, kotama kiunoni, hata alifikie karara ambalo halijapasuka, alilokwisha kulibana kwa kamba lisichanue, akalichonga ncha yake kijipande chembamba kabisa, kisha akatungika kibuyu chini yake ili utomvu udondokee humo. Utomvu huo, ukiwa mbichi, ni mtamu, wala hauleweshi. Lakini hamira, ndiyo kuvu hiyo, iliyomo hewani, na katika miguu ya nyuki na nzi waufuatao utamu, na zaidi ya yote katika mashapo yaliyogandamana ndani ya kibuyu tangu jana, huishambulia sukari ile na kuigeuza kuwa kileo na hewa, hata povu likafurika mdomoni mwa kibuyu. Lililogemwa asubuhi likiwa tembo tamu, jioni limekuwa kali, na likilala siku moja au mbili huelekea kuwa siki. Kibuyu kikongwe huchachusha upesi kuliko kipya, kwa kuwa ndani ya vinyweleo vyake hamira imeweka maskani. Na mgema aliyelijua jambo hili kwa mkono wake alikuwa na ilimu kamili, hata kama hakupata kufundishwa jina lake.

Katika nchi ya Wagiriama, walio miongoni mwa Wamijikenda, hapakuwa na shauri zito lililokamilika pasipo tembo. Mahari, matanga, tambiko za kaya na hukumu za wazee vilikuwa na kadzama zake, yaani vyombo vya tembo vilivyotolewa kuwa haki ya wahusika, na wazee wakanywa kwa mirija huku maneno yakipimwa. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeweka makao Rabai mwaka 1846, hakuupenda hata kidogo ulevi alioukuta. Wala hatuna sababu ya kuuficha, maana tembo liliharibu nyumba nyingi kama lilivyopatanisha nyingine. Ila inafaa kukumbuka ya kwamba huko huko Ulaya alikotoka, ilikuwa miaka tisa tu tangu Cagniard-Latour na Schwann wathibitishe, mwaka 1837, kuwa hamira ni kitu chenye uhai, na bado walikuwapo wanakemia mashuhuri walioikataa kauli hiyo, mpaka majaribio ya Pasteur baina ya 1857 na 1860 yalipoitia nguvu hoja yao.

Katika miji ya Waislamu, ambako tembo la kulevya ni haramu, kibuyu kile kile kiliingia jikoni kwa mlango mwingine. Tembo tamu lilitiwa katika unga wa mchele uliorowekwa usiku na kusagwa kwa tui la nazi na iliki, likaachwa liumue, na ndipo ukapatikana mkate wa kumimina wenye vishimo vishimo, na vitumbua vilivyofura katika chuma chake. Asiyetaka kuligusa tembo aliweka akiba ya kinyunya cha jana, akakichanganya na cha leo. Sifa ya ujuzi huu ni ya wanawake wa pwani, na naona uchungu kwamba vitabu vya tarikhi, vilivyojaa majina ya masultani na majahazi, havikuwatengea hata ukurasa. Hamira kavu ya mkebe, iliyofanyiwa maarifa huko Marekani kwa ajili ya majeshi ya Vita Kuu vya Pili, baadaye ilienea mpaka kwetu, na tembo likaondoka jikoni taratibu.

Jamaa ya kuvu ni kubwa, na ndani yake umo uyoga wa vichuguuni, ambao mchwa huulima chini ya ardhi, na kutu iangamizayo ngano. Lakini ndugu wa hamira aliyeogopwa zaidi majumbani ni koga la nafaka. Dhidi yake Wamijikenda walijenga uchaga, dari ya miti juu ya meko, ambako mahindi yalilazwa yakipata moshi na joto la moto wa kila siku. Nafaka ikawa kavu, fukusi wakakimbia, na koga likakosa unyevu wa kuotea.

Sumu ya koga hilo ilianza kujulikana mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na wataalamu wakaitafuta mpaka wakaipata. Leo twaiita sumukuvu. Hata hivyo maarifa hayo hayakuwahi kufika kila ghalani. Mwaka 2004, nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu yaliwekwa ndani ya nyumba baada ya mvua isiyo ya msimu, na katika watu 317 waliougua ini, 125 walikufa. Walikuwa wakulima waliokula mavuno ya mikono yao wenyewe, na njaa ilikuwa imewanyima hiari ya kuyatupa.

Dawa ya kuzuia sumu hiyo, iliyoidhinishwa nchini Kenya mwaka 2015, yatoka katika kuvu ile ile. Wataalamu walichagua koga la jamii moja na lile lenye sumu, ila lisilo na uwezo wa kuitengeneza, wakalipaka juu ya punje za mtama zilizokwisha kuuliwa kwa joto zisiote. Mkulima hunyunyiza punje hizo shambani majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kutoa maua, na koga hilo jema, likitangulia kushika nafasi, humzuia mwenziwe asiingie kwenye gunzi. Mahindi hayo, hata hivyo, bado yataka kuanikwa yakauke sawasawa kabla ya kupandishwa uchagani.